Mapishi ya Baroni, Mawe ya Mkulima: Urithi wa Mvinyo wa Chianti

Hati ya kale kabisa inayojulikana kuutaja mvinyo wa Chianti ni ya mwaka 1398, na inazungumzia mvinyo mweupe. Imo katika makaratasi ya Francesco Datini, mfanyabiashara wa mji wa Prato ambaye hakutupa hata kipande cha barua, na ambaye makaratasi yake yamesalia kwa maelfu hadi leo. Mweupe! Ukitaja Chianti leo mbele ya Mwitaliano, kinachomjia ni wekundu tu: wekundu wa akiki, harufu ya cheri na ya maua ya urujuani, na ule ukakasi unaobaki kwenye fizi.

Naanza na hati hiyo kwa sababu kuna imani iliyoenea kwamba urithi wa mvinyo ni mapishi. Kwamba mababu waliweka vipimo, zabibu hii sehemu saba, ile sehemu mbili, na kazi yetu ni kuvilinda kama vilivyo. Chianti ndiyo inayonifanya nisiiamini imani hiyo. Mvinyo huu umebadilishwa rangi, zabibu, chupa na hata mipaka, na bado upo kitu ndani yake ambacho mtu wa Gaiole, kijiji cha huko, anakitambua kwa funda moja. Kitu hicho ni vilima, pamoja na mikono ya watu waliovilima. Kila mara watawala waliposhika mapishi na kuvisahau vilima na watu wake, mvinyo uliharibika. Tena uliharibika ukiwa na muhuri halali wa serikali kwenye shingo ya chupa.

Vilima vyenyewe viko Toscana, mkoa wa katikati mwa Italia, kati ya miji ya Florence na Siena. Kiini chake ni vijiji vitatu: Radda, Gaiole na Castellina. Karne za kati miji hiyo miwili ilikuwa mahasimu wakubwa, na huku ndiko kulikokuwa mpakani, ndiyo maana ngome bado zimesimama kila upande wa macho. Florence ilivifunga vijiji hivyo vitatu katika umoja wa utawala na ulinzi ulioitwa Lega del Chianti, na alama yake ikawa jogoo mweusi juu ya dhahabu. Wenyeji wana simulizi ya jogoo huyo. Wanasema miji hiyo ilikubaliana kumaliza ugomvi wa mpaka kwa wapanda farasi wawili, kila mmoja aondoke mjini kwake jogoo wa kwanza atakapowika, na pale watakapokutana pawe mpaka. Siena walimshibisha jogoo wao mweupe. Florence walimlaza njaa jogoo wao mweusi, naye akawika giza likiwa bado totoro. Wapanda farasi wakakutana karibu sana na kuta za Siena, na Chianti karibu yote ikawa ya Florence. Ni simulizi, lakini jogoo si wa kubuni: Giorgio Vasari alimchora katika karne ya 16 kwenye dari ya ukumbi mkubwa wa Palazzo Vecchio, jumba la utawala la Florence, na yupo pale hadi sasa.

Tarehe 24 Septemba 1716, Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, alitoa tangazo la kuweka mipaka ya maeneo manne ya mvinyo: Chianti, Pomino, Carmignano na Valdarno di Sopra. Ni miongoni mwa sheria za mwanzo kabisa duniani za aina hiyo. Mvinyo wa Toscana ulikuwa ukisafirishwa nje, na walaghai walikuwa wakiuza chochote kwa jina lolote. Angalia alichokifanya Cosimo. Alitaja mahali: kuanzia Spedaluzzo hadi Greve, kisha Panzano, pamoja na eneo lote la Radda na sehemu zake tatu, hadi kwenye mpaka wa dola la Siena. Ukipita kwa miguu unaweza kuufuata mpaka huo. Mtawala yule hakuwa mwema kwa kila jambo, lakini hili alilielewa vizuri kuliko wengi waliomfuata: jina Chianti ni jina la mahali.

Na mahali hapa pana tabia yake. Udongo haufanani kilima na kilima. Kuna galestro, udongo wa tabaka jembamba kama vigae unaomomonyoka ukiushika mkononi. Kuna alberese, jiwe la chokaa lililo gumu na jeupe. Huko juu Lamole, kijiji cha vilimani, kuna macigno, jiwe la mchanga. Yote haya ni maskini wa rutuba, na mzabibu hupenda umaskini wa namna hiyo. Penye udongo mnono huota majani mengi na kutoa zabibu za majimaji. Mashamba yanapanda kutoka mita 200 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 600, na sehemu kubwa ya vilima bado ni msitu, ambamo nguruwe mwitu hutoka usiku kula zabibu zilizoiva. Mchana wa kiangazi ni joto, usiku ubaridi unashuka. Kwetu Dodoma, ambako wamisionari wa Kiitaliano walikuwa miongoni mwa waliopanda mizabibu ya mwanzo, mkulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Mzabibu wa Chianti hulala usingizi majira yote ya baridi, na hutoa mara moja tu, Septemba kuelekea Oktoba. Mwaka ukikosea, umekosea.

Zabibu kuu inaitwa Sangiovese. Wapo wanaopenda kusema jina hilo ni la Kilatini, damu ya Jupita, na kwamba asili yake ni ya enzi za miungu. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2004 ulileta habari za kawaida zaidi, na kwangu zenye kugusa zaidi: mzazi mmoja ni Ciliegiolo, zabibu ya Toscana, na mwingine ni Calabrese di Montenuovo, zabibu isiyojulikana sana yenye asili ya kusini. Mtoto wa kaskazini na kusini, basi, katika nchi ambayo kaskazini na kusini yake bado hazijaelewana vizuri.

Sangiovese ni zabibu ngumu kuilea. Huchelewa kuiva, na mvua ikija mapema inaoza kwenye kishada. Rangi yake si nzito, anayetarajia mvinyo mweusi kama wino atavunjika moyo. Kilicho chake ni uchachu unaochangamsha mate na ukakasi, neno ambalo Kiswahili kimelibeba vizuri kuliko lugha nyingi. Aliyekula zambarau isiyoiva sawasawa, au aliyekunywa chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika, anaujua. Katika Chianti njema ukakasi huo haukufungi mdomo, unakuita urudi kwenye sahani. Na sahani yenyewe ni ya kule: nyama ya ng'ombe iliyochomwa juu ya makaa, maharage yaliyopikwa taratibu, mafuta ya zeituni mabichi, na mkate wa Toscana usiotiwa chumvi. Onja mvinyo huu peke yake utauona mkavu, hata mkali. Uweke mezani penye mafuta na nyama, nao unajieleza wenyewe.

Sasa tumfikie baroni. Bettino Ricasoli alizaliwa mwaka 1809, akawa waziri mkuu wa pili wa Italia iliyoungana, mara ya kwanza mwaka 1861 baada ya kifo cha Cavour, waziri mkuu wa kwanza, na mara nyingine mwaka 1866. Alikuwa mtu mkali, mcha Mungu, asiyependa mchezo. Nyumbani kwake, katika ngome ya Brolio huko Gaiole, alitumia miaka mingi akijaribu zabibu na namna za kuchachusha. Mwaka 1872 alimwandikia barua Profesa Cesare Studiati wa Chuo Kikuu cha Pisa kumweleza alichokigundua. Sangioveto, ndivyo walivyoiita Sangiovese, huupa mvinyo harufu yake na nguvu yake. Canaiolo huleta utamu wa kuulainisha ukali huo. Ya tatu ni Malvasia, zabibu nyeupe, ambayo huupunguza uzito mvinyo na kuufanya ufae kunywewa ungali mchanga, kwenye meza ya kila siku. Akaongeza jambo ambalo ningetamani lingechongwa kwenye mlango wa kila ofisi ya serikali: mvinyo unaokusudiwa kukaa muda mrefu, Malvasia inaweza kuachwa kabisa.

Barua ile ilikuwa maelezo ya mtu mwenye busara aliyejua kwamba kuna mvinyo wa leo na mvinyo wa miaka kumi ijayo. Baada yake ikaja kuitwa kanuni ya Ricasoli, na kanuni ikaja kugeuzwa sheria.

Kabla ya sheria hiyo kuna watu wengine wa kuwataja, maana simulizi za Chianti zina tabia ya kuruka kutoka baroni hadi baroni kana kwamba zabibu zilijichuma. Kwa karne nyingi vilima hivi vililimwa kwa mezzadria, mfumo wa nusu kwa nusu. Bwana alikuwa na ardhi na nyumba ya mawe, familia ya mkulima ilitoa nguvu kazi, mavuno yakagawanywa. Ngano nusu, mafuta nusu, mvinyo nusu, hata kuku na mayai yalikuwa na hesabu yake. Juu yao alikuwepo fattore, mnyapara wa bwana, mwenye daftari. Familia iliishi juu ya shamba lake, podere, ikiongozwa na mzee wa nyumba aliyeitwa capoccia, na bwana akichoka nao aliweza kuuvunja mkataba, wakafungasha na kutafuta kilima kingine. Mtu aliyezaliwa hapo angeweza kuujua kila mzabibu kwa jina, na asimiliki hata mmoja.

Mfumo huu ndio uliouumba mvinyo wa zamani, kuliko ladha ya baroni yeyote. Mkulima wa nusu kwa nusu hakuweza kupanda mizabibu peke yake, familia ingekufa njaa. Alichanganya: mistari ya mizabibu, katikati ngano au maharage, pembeni mizeituni. Mizabibu mingine ilipandishwa juu ya miti ya maple, ambayo majani yake walilishwa ng'ombe. Katika mstari mmoja zilikuwamo zabibu nyekundu na nyeupe, kwa sababu mwaka ambao moja ingegoma nyingine ingezaa. Mchanganyiko ambao baadaye ulisifiwa kama siri ya mababu, kwa sehemu kubwa ulikuwa bima ya maskini. Na ile desturi ya kuongeza zabibu zilizokaushwa ili mvinyo uchachuke upya, governo all'uso toscano, ilisaidia kumalizia uchachushaji uliosuasua baridi ilipoingia, na kuufanya mvinyo uwe laini mapema. Tusiidharau. Ilikuwa akili ya watu waliofanya kazi na walichokuwa nacho.

Hata ile chupa mashuhuri, fiasco, yenye tumbo la mviringo na vazi la majani makavu, ina jasho ambalo halitajwi. Majani hayo yalifumwa na wanawake wa Toscana, wengi wakiketi milangoni mwao katika eneo la Empoli na vijiji jirani, wakilipwa kwa idadi ya chupa. Kazi hiyo ilipoanza kudai malipo ya haki, chupa ikaonekana ghali, ikaachwa.

Mwaka 1924 wazalishaji 33 walikutana Radda wakaanzisha umoja wa kulitetea jina lao, na kumchukua jogoo mweusi kuwa alama. Sababu ilikuwa ileile ya Cosimo: mvinyo wa kila pembe ya Toscana ulikuwa ukiuzwa kwa jina Chianti. Serikali iliwajibu mwaka 1932, na jibu lake ndilo kosa la kwanza kubwa. Badala ya kuwarudishia watu wa vilima jina lao, ililitandaza. Chianti ikawa na maeneo madogo saba, kutoka upande wa Pisa hadi Arezzo, na vilima vya asili vikapewa neno la kuongezea, Classico, kama fidia. Mantiki yake ilikuwa kwamba ikiwa wengi wanalitumia jina, basi tayari ni lao. Ndiyo mantiki ya jirani aliyelima ndani ya shamba lako miaka kumi, kisha baraza likakupa karatasi iliyoandikwa "mwenye shamba wa awali". Haki niiseme: kati ya maeneo yale, Rufina lina mvinyo wa kukaa miaka mingi na historia yake ya kujivunia. Lakini lilistahili jina lake lenyewe, na Chianti ilistahili lake.

Kosa la pili lilikuja mwaka 1967, sheria ya ubora ilipotungwa. Waliichukua kanuni ya Ricasoli, wakaifuta ile sentensi ya busara, na kulazimisha kwamba kila Chianti iwe na zabibu nyeupe, kati ya asilimia 10 na 30. Sharti! Aliyetaka kutengeneza mvinyo mwekundu wa kukaa, ule ambao baroni mwenyewe alisema haulazimiki kutiwa Malvasia, sasa alikuwa mvunja sheria. Tena nyeupe iliyojaa mashambani haikuwa Malvasia yenye manukato bali Trebbiano, inayozaa kwa wingi na kunukia kidogo. Sheria ikawa imetoa ruhusa rasmi ya kuongeza maji yenye jina la zabibu.

Ilikuja wakati mbaya kuliko wote. Miaka ya 1950 na 1960 wakulima waliondoka, wakaenda kwenye viwanda, wakaenda mjini ambako mshahara ulikuwa wao wote, si nusu. Nani awalaumu? Mwaka 1964 serikali ilipiga marufuku mikataba mipya ya mezzadria. Nyumba za mawe zikabaki tupu, kuta za matuta zikaanza kuporomoka. Wenye ardhi wakang'oa mistari ya mchanganyiko na kupanda mashamba ya mizabibu mitupu, kwa trekta, haraka, na mara nyingi kwa miche iliyochaguliwa kwa uzito wa mavuno. Mashamba mapya, miche dhaifu, Trebbiano hadi asilimia 30 na waliojua kila kilima wameshahama: hiyo ndiyo Chianti iliyouzwa duniani miaka ya 1970, ya bei ya chini, na fiasco lake likaishia kuwa kinara cha mshumaa kwenye mikahawa.

Uasi ulitoka ndani. Piero Antinori, mzalishaji wa mvinyo, pamoja na mtaalamu wa mvinyo Giacomo Tachis, walitoa Tignanello ya mwaka 1971, mvinyo wa shamba moja uliokomaa kwenye mapipa madogo ya mwaloni, na kufikia ule wa 1975 zabibu nyeupe zilikuwa zimekwisha ndani yake. Sergio Manetti, mwenye shamba la Montevertine huko Radda, alikwenda njia iliyo karibu zaidi na moyo wangu. Mwaka 1977 alitengeneza Le Pergole Torte kwa Sangiovese tupu, bila kuazima zabibu ya Ufaransa, kisha akaondoka kwenye umoja wa wazalishaji badala ya kukubali kuambiwa kwamba mvinyo wa Radda kwa zabibu ya Radda haukustahili kuitwa Chianti. Mivinyo hii ikauzwa kama mvinyo wa mezani, daraja la chini kabisa kisheria, kwa bei zilizopita za wenye muhuri. Wapo wanaouita wakati ule wakati wa kuvunja mila. Mimi naona Manetti alikuwa karibu na mila kuliko waliomhukumu.

Sheria ilisogea polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayekiri kosa bila kulitaja. Mwaka 1984 kiwango cha lazima cha nyeupe kilishushwa hadi asilimia 2. Mwaka 1996 Chianti Classico ilipata kanuni zake yenyewe, na Sangiovese tupu ikaruhusiwa. Kuanzia mavuno ya 2006 zabibu nyeupe zikapigwa marufuku kabisa katika Chianti Classico. Kile kilichokuwa sharti kikawa kosa, ndani ya miaka isiyotimia 40! Wakati huohuo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, umoja wa wazalishaji uligharimia utafiti wa muda mrefu wa miche ya Sangiovese, nafasi za upandaji na udongo, ili mashamba yapandwe upya kwa subira. Naipa kazi hiyo ya kimya uzito mkubwa kuliko mapipa yote ya mwaloni yaliyopigiwa kelele.

Bado sikubaliani na kila kitu. Daraja la juu liitwalo Gran Selezione, lililoanza kuuzwa mwaka 2014, lilipoanzishwa lilitazama zaidi muda wa kukaa, miezi 30, na zabibu za mtengenezaji mwenyewe, bila kusema kilima gani. Lilifanana na ngazi iliyojengwa mahali panapohitaji ramani. Ramani ilifuata. Mwaka 2021 wazalishaji walipiga kura eneo lao ligawanywe sehemu 11 ambazo majina yake yanaweza kuandikwa kwenye lebo za daraja hilo: Castellina, Castelnuovo Berardenga, Gaiole, Greve, Lamole, Montefioralle, Panzano, Radda, San Casciano, San Donato in Poggio na Vagliagli. Yasome taratibu. Panzano na Greve zimo katika tangazo la 1716, na Radda, Gaiole na Castellina ndizo zile za jogoo. Ilichukua miaka zaidi ya 300 kurudi pale Cosimo alipoanzia. Kinachonisikitisha ni kwamba ruhusa hiyo ilifungiwa kwenye chupa za bei ya juu. Mvinyo wa kawaida wa Lamole, ule wa meza ya kila siku, nao unatoka Lamole.

Na huko Lamole ndiko macho yangu yanakoelekea sasa. Hali ya hewa inabadilika, viangazi vimekuwa vikali, na Sangiovese ya mabondeni inaiva upesi, ikipata sukari nyingi na kupoteza ule uchachu. Mashamba ya juu, ambayo zamani yalionekana baridi mno, yasiyoiva vizuri, ya kuachiwa maskini, ndiyo yanayotafutwa. Lakini huko juu mteremko ni mkali, na mzabibu hausimami bila matuta ya kuta za mawe makavu, jiwe juu ya jiwe bila saruji. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ufundi wa kujenga kuta hizo, wa Italia na nchi nyingine kadhaa za Ulaya, katika orodha ya urithi wa binadamu. Kuta za Lamole zilijengwa na familia za nusu kwa nusu, vizazi kwa vizazi, kwenye ardhi isiyo yao. Zikabomoka walipoondoka. Leo wenye mashamba wanawalipa mafundi kuzisimamisha tena, kwa mawe yaleyale waliyoyakuta yameanguka chini.